Hata Tukiujua, Tutafanya Nini?

Jumapili ya tarehe 21 Januari 1996, mtunzi wa michezo ya jukwaani aitwaye Jonathan Larson alianguka ukumbini mjini New York, wakiwa kwenye mazoezi ya mwisho mwisho ya onyesho lake jipya. Kifua kilimbana, pumzi ikawa fupi, kizunguzungu kikamchukua. Hospitali ya kwanza ilisema ni sumu ya chakula, ikamsafisha tumbo na kumrudisha nyumbani. Siku mbili baadaye, maumivu yakiwa bado yapo, alikwenda hospitali ya pili. Huko aliambiwa ana virusi, apumzike. Alfajiri ya tarehe 25 alikutwa amekufa jikoni kwake, akiwa na miaka 35. Maiti ilipopasuliwa ilionekana kwamba aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ilikuwa imechanika kwa ndani. Serikali ya jimbo ilichunguza kisa hicho na kuzitoza faini hospitali zote mbili.

Nimeanza na New York kwa makusudi. Pale hapakukosekana eksirei, hapakukosekana kipimo cha umeme wa moyo, wala daktari aliyesoma vizuri. Mashine za kuupiga picha mshipa ule zilikuwepo mjini, na wapasuaji wa kuushona walikuwepo. Siku nne zilipita kati ya kuanguka kwake na kufa kwake. Kijana yule alipita katikati ya vyote hivyo akafa, kwa sababu kila aliyempokea alipata haraka jina la ugonjwa lililoelekea kufaa, akatosheka nalo.

Kisa hiki kinanisumbua kwa sababu ya jawabu ninalokutana nalo kila nikiutaja ugonjwa huu kwa wahudumu wa afya wa kwetu. Wengi huwa wanaujua, walifundishwa chuoni. Kisha huja ile kauli: "Hata tukiujua, tutafanya nini? Mpasuaji yuko wapi?" Inasemwa kwa uchovu, na uchovu huo nauheshimu, maana umetoka kwenye zamu za usiku za mtu mmoja na wagonjwa arobaini. Lakini kauli yenyewe ni kosa la kitabibu, na ninaamini imetuzikia watu wengi. Nitaijibu hapa kadiri ninavyoweza.

Kwanza tuuone ugonjwa wenyewe. Aota hutoka juu ya moyo, hupinda kama mpini wa bakora, kisha hushuka nyuma ya kifua hadi tumboni, na njiani hutoa matawi ya kulisha kichwa, mikono, uti wa mgongo, figo, utumbo na miguu. Ukuta wake una tabaka tatu. Aliyewahi kukata mgomba anajua jinsi shina lake lilivyo magamba juu ya magamba, na jinsi ukishapata mwanzo kwa ukucha gamba zima linavyobanduka kwa urefu bila shida. Ndivyo inavyokuwa. Tabaka la ndani likipata mpasuko, damu inayosukumwa na moyo hupenya pale na kujichimbia njia kati ya tabaka, na kila pigo la moyo huirefusha njia hiyo. Mshipa mmoja unakuwa na njia mbili, ya kweli na ya uongo, na ile ya uongo ikijaa huibana ya kweli.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanza kuvaa sura za magonjwa mengine. Njia ya uongo ikiziba tawi la kichwa, mgonjwa analetwa na kiharusi. Ikiziba la mguu, mguu unakuwa baridi na kufa ganzi, nduguze wanasema amepooza. Ikiziba la figo, maumivu ya kiuno yanaitwa mawe ya figo. Ikiziba la utumbo, tumbo linakata na mgonjwa anapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Ikirudi nyuma kuelekea moyoni, inaweza kuharibu vali, au kuziba mshipa unaolisha moyo wenyewe na kuleta mshtuko wa moyo wa kweli kabisa, au kumwaga damu kwenye mfuko unaouzunguka moyo hadi moyo ushindwe kufunguka. Hii ya mwisho huua kwa dakika.

Kwetu kuna neno linalofunika mengi zaidi ya hayo yote: kichomi. Kichomi ni nimonia, kichomi ni misuli, kichomi ni gesi, kichomi ni upepo mbaya. Mtu akisema ana kichomi hupewa maji ya moto na tangawizi, au akafika duka la dawa akauziwa za kutuliza asidi. Mara nyingi hayo yanatosha, kwa kuwa mara nyingi kweli ni gesi au misuli. Kuchanika kwa aota ni ugonjwa adimu. Takwimu za Ulaya na Marekani ya Kaskazini huuweka kati ya watu 3 na 6 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na mshtuko wa moyo huupita kwa mbali sana. Sitaki kumtisha kila mwenye kiungulia. Ninachotaka ni kwamba katika wale mia wenye maumivu ya kifua, yule mmoja awe na nafasi ya kutofautishwa.

Na nafasi hiyo hugharimu swali moja. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya kwanza kubwa ya rejista ya kimataifa ya ugonjwa huu, iliyoanzishwa 1996, ikiwa na wagonjwa 464 kutoka vituo 12. Kilichojitokeza kuliko vyote ni namna maumivu yalivyoanza: karibu 85 kati ya kila wagonjwa 100 walisema yalikuja ghafla. Vitabu vya zamani viliwafundisha madaktari kusubiri mgonjwa aseme anahisi "kitu kinachanika". Katika rejista ile waliosema ni makali ya kuchoma walikuwa wengi kuliko waliosema yanachana. Kwa hiyo namna yanavyouma ina uzito mdogo kuliko namna yalivyoanza. Maumivu ya mshtuko wa moyo mara nyingi hujijenga, yakaanza kama uzito na kuongezeka. Ya aota hufika kileleni papo hapo. Mgonjwa huweza kukutajia alichokuwa akifanya.

"Mama, maumivu yalikuanzaje?"

"Yalinikuta nasuuza vyombo, mwanangu. Kama mtu amenichoma kisu katikati ya mabega. Nikaangusha sufuria."

Ile sufuria iliyoanguka ni kipimo. Haihitaji umeme wala kitendanishi, na haitaonekana kwenye faili kama tabibu ameandika "maumivu ya kifua, siku mbili" na kuita mwingine. Yanayofuata ni maswali mawili tu: maumivu yamehama? Yalianza kifuani yakashuka mgongoni, au mgongoni yakaingia tumboni, kama kwamba yanatembea? Na je, pamoja na maumivu kuna kitu kingine mbali na kifua, mkono uliokufa ganzi, mguu usiobeba, sauti iliyokauka, kuzirai? Maumivu ya kifua yaliyoandamana na dalili ya mahali pengine kabisa yanapaswa kumsimamisha tabibu yeyote, maana kiungo kimoja pekee kinachounganisha kifua, mkono wa kushoto, figo na mguu wa kulia ni aota.

Kisha mikono miwili. Gusa mapigo ya vifundo vyote viwili kwa pamoja, halafu funga mkanda wa presha mkono wa kulia na wa kushoto. Tofauti ya zaidi ya 20 kwenye namba ya juu, kwa mtu mwenye maumivu ya ghafla, ni kengele. Nimeshuhudia presha ikipimwa mara nyingi kwenye zahanati zetu, mjini na vijijini, na sikumbuki hata mara moja mkanda ukihamishwa mkono wa pili. Ni dakika mbili. Ninajua pia udhaifu wa kipimo hiki na itakuwa si haki kuuficha: katika rejista ile, mapigo yaliyopotea au kufifia upande mmoja yalipatikana kwa wagonjwa 15 hivi tu kati ya 100. Ukiikuta tofauti, umeshika kitu kikubwa. Usipoikuta, hujaondoa chochote. Vivyo hivyo kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi kabisa kwa karibu theluthi ya wagonjwa, na eksirei ya kifua ilisomeka ya kawaida kwa zaidi ya mmoja kati ya kumi. Karatasi safi mkononi imewapeleka wengi nyumbani kufa. Na wapo wachache, kama 6 kati ya 100, ambao hawana maumivu yoyote na huja na kiharusi au kuzirai peke yake. Hao ni wagumu kwa daktari yeyote duniani.

Sasa tufike kwenye sehemu inayonipa hofu zaidi, kwa sababu hapa huduma yenyewe inaweza kuua.

Tarehe 11 Septemba 2003 mwigizaji wa televisheni wa Marekani, John Ritter, aliugua akiwa kazini huko Burbank, California. Alipelekwa hospitali jirani, akatibiwa kama mwenye mshtuko wa moyo, akafa usiku uleule. Alikuwa na miaka 54. Ilikuwa aota. Familia ilishtaki, na mwaka 2008 baraza la mahakama liliwaona madaktari wawili kuwa hawakuwa wazembe. Naitaja hukumu hiyo kwa sababu inasema ukweli mchungu: daktari mwangalifu anaweza kukosea hapa, kwani dalili zinafanana mno. Lakini matibabu hayafanani hata kidogo. Mshtuko wa moyo hutibiwa kwa kuizuia damu isigande na kuliyeyusha donge lililoziba: aspirini, sindano za hepari, na palipo na uwezo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Aota iliyochanika inashikiliwa na tabaka moja jembamba la nje. Damu iliyoganda pale ndiyo inayomchelewesha mtu asife. Ukiiyeyusha, umeliondoa zuio.

Simwambii mtu yeyote asimpe aspirini mgonjwa wa mshtuko wa moyo. Aspirini inaokoa maisha kila siku, na kuikalia kwa hofu ya ugonjwa adimu kutaua wengi kuliko itakaowaokoa. Ninasema kabla ya dawa ya kuyeyusha damu, kabla ya ile sindano ambayo haina kurudi nyuma, yaulizwe yale maswali matatu na ipimwe ile mikono miwili. Yaandikwe kwenye fomu yenyewe ya kuidhinisha dawa, ili anayesaini asaini kwamba ameuliza. Hospitali yoyote inaweza kuamua hivyo kesho asubuhi kwenye kikao chake.

Kuna dawa ya pili, na hii ni ya kwetu zaidi. Mgonjwa mwenye maumivu makali na presha ya 220 kwa 120 akifika hospitali nyingi za wilaya, kilichopo karibu ni hidralazini ya sindano. Ipo kwa sababu wodi ya wazazi inaihitaji kwa kifafa cha mimba, na kule inafanya kazi yake vizuri. Kwa aota iliyochanika, ikitolewa peke yake, inadhuru. Hutanua mishipa, presha inashuka, moyo unashtuka na kujibu kwa kupiga haraka na kwa nguvu zaidi. Namba kwenye mashine inapendeza, mshipa unaendelea kubanduka.

Maana kinachochana si presha peke yake. Ni kishindo cha kila pigo, ule ukali ambao damu hurushwa nao kutoka moyoni. Ufahamu huu una historia ya ajabu kidogo. Katikati ya karne ya 20 wafugaji wa bata mzinga Marekani walikuwa wakipoteza ndege wao kwa kupasuka aota, na ikaonekana kwamba resapini, dawa ya presha, ikichanganywa kwenye chakula chao, vifo vinapungua. Mwaka 1965 daktari Myron Wheat na wenzake walitangaza tiba kwa binadamu iliyojengwa juu ya wazo hilohilo: shusha presha, lakini pia utulize moyo usipige kwa kishindo. Hadi leo tiba ya saa ya kwanza ni hiyo, katika hospitali kubwa kuliko zote duniani. Mapigo ya moyo yashuke chini ya 60 kwa dakika, namba ya juu ya presha ikae kati ya 100 na 120 mradi mgonjwa ana fahamu na mkojo unatoka, na maumivu yazimwe kwa mofini kwa sababu maumivu yenyewe hupandisha vyote viwili. Dawa ya kutuliza moyo hutangulia, ya kutanua mishipa hufuata kama bado inahitajika.

Dawa hizo ni zipi? Labetaloli ya sindano, ambayo nayo hupatikana wodi ya wazazi kwa ajili ya kifafa cha mimba. Propranololi ya vidonge, ya bei ndogo, iliyojaa maduka ya dawa. Mofini, ambayo inahitaji kabati lenye kufuli na daftari. Sioni hapo kitu ambacho hospitali ya mkoa iseme haiwezi kukipata.

Hapa basi ndipo naijibu ile kauli. Kuchanika kwa aota kuna aina mbili kubwa, mgawanyo uliotangazwa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1970. Aina ya A inaigusa sehemu ya kwanza ya mshipa, ile inayopanda kutoka moyoni. Aina ya B huanzia baada ya pindo la bakora na kushuka. Katika rejista niliyoitaja, A walikuwa 62 hivi kati ya 100, waliobaki ni B. Kwa aina ya A upasuaji wa dharura ndio tiba: waliopasuliwa walikufa 26 kati ya 100, na ambao hawakupasuliwa, kwa uzee, maradhi mengine au kukataa, walikufa 58. Kwa aina ya B mambo yanageuka kabisa. Waliotibiwa kwa dawa peke yake walikufa kama 11 kati ya 100. Upasuaji wa kifua ulihifadhiwa kwa wale waliokuwa wamezibwa matawi au waliokuwa wakielekea kupasukiwa, na siku hizi wengi wa hao huwekewa bomba la kitambaa lenye fremu ya waya, linaloingizwa kupitia mshipa wa pajani, njia iliyotangazwa mwaka 1999.

Soma tena namba ya aina ya B. Zaidi ya theluthi ya wagonjwa wana aina ambayo tiba yake kuu ni vidonge, kitanda na mtu wa kuangalia presha usiku kucha. Mpasuaji hayupo, ndiyo. Karibu tisa kati ya kumi wa aina hiyo waliotibiwa kwa dawa peke yake hawakuhitaji kumsubiri ili watoke hai. Walihitaji mtu autambue ugonjwa. Na hata mwenye aina ya A, anayehitaji kisu, kila saa ambayo moyo wake umetulizwa ni saa ya kusafiri. Usemi wa zamani ni kwamba hufa mmoja au wawili kati ya mia kwa kila saa katika siku mbili za mwanzo. Uchambuzi mpya wa rejista hiyohiyo, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba siku hizi ni kama nusu ya mmoja kwa saa, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba watu wanatambuliwa mapema na kupewa dawa mapema. Saa kumi za barabarani bado ni hatari. Hazilingani na kukata tamaa.

Upasuaji wenyewe si mgeni tena kwetu kama ilivyokuwa. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kusimama yenyewe mwaka 2015, Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na Kenya ina hospitali kadhaa zinazofungua kifua, zikiwemo za Nairobi na Tenwek kule Bomet. Wanaoweza kumpokea mwenye aota iliyochanika usiku wa manane, damu ikiwa tayari na mashine ya kufanya kazi badala ya moyo uliosimamishwa ikiwa tayari, ni wachache, nalijua hilo. Lakini mgonjwa ambaye hajatambuliwa hapigiwi simu. Uwezo wa hospitali za rufaa hukua kwa wagonjwa wanaofika mlangoni, na wasipofika kwa sababu wamezikwa kama watu wa vidonda vya tumbo, bajeti itaandikwa kana kwamba ugonjwa haupo.

Picha ndiyo inayomaliza ubishi, na picha sahihi ni CT, ile eksirei ya kompyuta inayouonyesha mwili kipande kwa kipande, ya kifua na tumbo na yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Ninasisitiza dawa ya kung'arisha, kwa sababu CT isiyo nayo inaweza kuupita mpasuko bila kuuona. Mambo mawili humchelewesha mgonjwa mlangoni kwa chumba cha picha. La kwanza ni kusubiri majibu ya kreatinini, kujua kama figo zitaihimili dawa. Kwa anayedhaniwa ana aota iliyochanika, kusubiri huko ni kuilinda figo ya mtu ambaye huenda asifike jioni. La pili ni risiti. Ndugu wanaambiwa walipie kwanza, wanaanza kupigiana simu, mmoja yuko shamba, mwingine mtandao wa pesa umegoma, na saa tatu zinapita. Sina jawabu rahisi la fedha, lakini hospitali inayoweza kumfanyia mama mjamzito upasuaji wa dharura kabla ya malipo tayari inajua namna ya kutanguliza uhai na kudai baadaye. Orodha ya dharura hizo iongezwe mstari mmoja. Wakati CT ikisubiriwa, eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, ikifanywa kitandani yaweza kuonyesha damu kwenye mfuko wa moyo au vali inayovuja, na kwa mjuzi hata ngozi ya mpasuko ikipepea ndani ya mshipa.

Nilisema mpasuaji. Aliyefungua njia ya upasuaji huu ni Michael DeBakey wa Houston. Miaka ya 1950, akitafuta kitu cha kuzibia mishipa iliyoharibika, alinunua kitambaa cha Dacron dukani, kama mtu anayenunua kitambaa cha shati, akashona mabomba kwa cherehani ya mkewe. Mwaka 1954 alifanikiwa kutengeneza aota iliyochanika. Mwishoni mwa Desemba 2005, akiwa na miaka 97, alikuwa peke yake nyumbani akiandaa mhadhara, maumivu makali yakampiga kifuani na katikati ya mabega, yakapanda shingoni. Alidhani ni mshtuko wa moyo. Yeye! Mtu aliyeujua ugonjwa huu kuliko karibu yeyote aliye hai, wazo lake la kwanza lilikuwa moyo, na hakumwita mtu. Baadaye aligundua. Februari 2006 alipasuliwa na wanafunzi na wenzake wa zamani, kwa saa saba hivi, wakitumia bomba la aina ileile aliyoianzisha. Aliishi hadi Julai 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 100. Tabibu wa zahanati anayeikosa aota saa nane za usiku asijione mjinga. Ajue tu kwamba wazo la kwanza halitoshi, hata la DeBakey halikutosha.

Kuhusu kinga nitasema kwa ufupi, maana watu wamechoka kuambiwa wapime presha. Kati ya wagonjwa wa rejista, 72 kati ya 100 walikuwa na historia ya shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watu wazima walioulizwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Na wanaopimwa na kupewa vidonge huviacha wakijisikia vizuri, au huvigawana mke na mume wanapopungukiwa na pesa. Mshipa unaopigwa kwa miaka ishirini kwa presha isiyotibiwa haulalamiki, hadi siku ile anaposuuza vyombo.

Lakini wapo wanaochanika wakiwa vijana na presha yao ni ya kawaida, na kwa hao tatizo limo kwenye ukoo. Ugonjwa wa Marfan, unaompata kama mtu 1 kati ya 5,000, hudhoofisha nyuzi za ukuta wa aota. Wenye nao mara nyingi ni warefu, wembamba, mikono mirefu kupita kimo chao, vidole kama vya mpiga udi, kifua kilichobonyea, macho yenye shida tangu utotoni. Tunawaita twiga na kuwapeleka timu ya kikapu. Mwanamke mwenye hali hii akishika mimba, miezi ya mwisho na majuma baada ya kujifungua ni wakati wa hatari kubwa kwake, na kliniki ya wajawazito ingeweza kumtambua kwa kumtazama tu akiingia mlangoni.

Hapa nakuja kwenye jambo gumu kulisema mbele ya watu walio msibani. "Jana tulikula naye, alikuwa mzima." Sentensi hii nimeisikia chini ya maturubai mengi, na baada yake huja minong'ono: amerogwa, amepigwa kombora, shemeji yake amemmaliza. Wakati mwingine watu huacha kusalimiana kwa vizazi viwili. Maiti imezikwa kabla ya alasiri, na ninaelewa kwa nini, dini na desturi zinatutaka tumsitiri marehemu mapema. Lakini mfalme wa Uingereza, George wa Pili, alipoanguka chooni na kufa tarehe 25 Oktoba 1760, tabibu wake Frank Nicholls alimpasua, akakuta mfuko wa moyo umejaa damu na mpasuko ndani ya aota. Kwa sababu hiyo tu tunajua alikufa na nini. Ninaomba familia zenye kifo cha ghafla cha mtu wa miaka 20, 30 au 40, anayefanana kimwili na nduguze, zifikirie uchunguzi wa maiti, hata kama ni kwa kuongea kwanza na shehe, padri au mchungaji wao. Anayenufaika ni yule aliyebaki.

Tarehe 24 Januari 1986 nyota wa mpira wa wavu wa Marekani, Flo Hyman, mwenye urefu wa karibu mita 1.96 na medali ya fedha ya Olimpiki ya 1984, alitolewa uwanjani kwenye mechi mjini Matsue, Japani, akaketi kwenye benchi, akaanguka. Alikuwa na miaka 31. Ilisemwa ni mshtuko wa moyo. Familia yake haikutosheka, ikaomba mwili uchunguzwe uliporudishwa California. Ilikuwa aota, na chanzo kilikuwa Marfan, ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anayo. Kaka yake akapimwa. Alikutwa nayo, akafunguliwa kifua na kufanyiwa upasuaji, akiwa bado hai.